Jinsi ya kutazama maonesho ya picha za wanafunzi wa sanaa: kutoka getini hadi ukutani kwako

Maonesho ya wanafunzi yana utamu wake, na utamu huo humpita mtu anayeyaingia kwa macho ya maonesho ya wakongwe. Kwa mkongwe unakuta jambo limekwisha kuamuliwa. Kwa mwanafunzi unamkuta mtu yuko katikati ya safari: ukuta mmoja una picha iliyofaulu na nyingine iliyomshinda, na mara nyingi hiyo iliyomshinda ndiyo inayokuonesha anakoelekea. Nimeandika mwongozo huu kwa mtu ambaye hajasomea sanaa na hana haja ya kujifanya amesoma: mzazi, jirani, mwalimu wa shule, au kijana aliyetumiwa mwaliko kwenye simu akasita kwa kuwa hajui akifika afanye nini. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na Bagamoyo, lakini njia ni ileile ukiwa Nairobi au Kampala.

Hatua ya 1: Jua yako wapi na uende siku gani

Usisubiri tangazo la televisheni. Taarifa za maonesho haya hukaa kwenye kurasa za vyuo, kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi na kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Dar es Salaam pa kuanzia ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za ufundi hufundishwa pamoja na muziki na maigizo, na Nafasi Art Space kule Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako wasanii wana studio ndani ya makontena na vijana wana programu yao ya mafunzo. Bagamoyo kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Watu wengi huifahamu kwa ngoma na tamasha lake, lakini wachoraji pia husoma pale. Aliyeko Nairobi aulizie Chuo Kikuu cha Kenyatta na Buruburu Institute of Fine Arts. Aliyeko Kampala aende Makerere, kwenye shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, mwanamke aliyeanzisha mafunzo hayo katika miaka ya 1930. Wana jumba lao la maonesho palepale chuoni.

Kazi za wanaomaliza huoneshwa karibu na mwisho wa mwaka wa masomo, na kwa vyuo vikuu vya Tanzania hiyo ni kama Juni na Julai. Mara nyingi wakufunzi hupita kwanza kutoa alama, ndipo milango hufunguliwa kwa umma. Uliza siku ya kufunga kabla ya kupanga safari, kwa maana baadhi ya maonesho haya hudumu siku chache tu.

Siku ya ufunguzi na siku ya kawaida ni vitu viwili tofauti. Kwenye ufunguzi kuna hotuba, soda, mgeni rasmi, na watu waliosimama wakiongea huku wameipa picha mgongo. Ni siku nzuri ya kukutana na wanafunzi wote kwa pamoja na kuwapa hongera, na ni siku mbaya ya kutazama. Ukiweza, nenda mara mbili. Ukipata nafasi moja tu, mimi ningechagua siku ya kawaida, asubuhi, hasa kama ukumbi unategemea mwanga wa madirishani. Wanafunzi hupeana zamu ya kukaa na kazi zao, kwa hiyo hutakosa mtu wa kuzungumza naye.

Kiingilio kwa kawaida hakuna. Chukua kitambulisho, maana walinzi wa vyuoni hukiomba.

Hatua ya 2: Vitu vya kubeba

Daftari dogo na penseli. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa sababu ikiteleza karibu na picha haiachi doa lisilofutika. Miwani ya kusomea kama unaitumia, kwa kuwa maelezo yaliyobandikwa ukutani huwa na herufi ndogo. Begi la mgongoni livae kwa mbele au uliache mapokezi: kanvasi, kile kitambaa cha kuchorea, huchanika kwa pembe ya begi la mtu aliyegeuka ghafla, na rangi ya mafuta iliyowekwa mwezi uliopita inaweza kuwa bado mbichi kwa ndani hata kama juu imekauka. Ukiwa na watoto, wafundishe mlangoni kufunga mikono nyuma wanapoikaribia picha. Watoto hupenda sheria hiyo kama na wewe unaifuata.

Hatua ya 3: Zunguka mara moja bila kusoma

Ukiingia, usiende kwenye maelezo. Zunguka ukumbi mzima kwa mwendo wa kawaida ukitazama picha peke yake, usisimame popote zaidi ya pumzi mbili tatu. Lengo la mzunguko huu ni kujua jicho lako linavutwa na nini kabla hujaambiwa nani alichora, bei gani, na mada yake ni ipi. Ukisoma kwanza, utaanza kuipenda picha kwa sababu ya maneno yaliyo pembeni yake.

Mwisho wa mzunguko andika picha tatu: iliyokuvuta, iliyokukera, na moja ambayo hukuielewa lakini umejikuta unaigeukia. Hizo ndizo utakazorudi kuzitazama. Kwenye ukumbi wenye kazi sitini au themanini, anayetaka kuzitazama zote kwa uzito uleule huchoka mapema, na picha za mwisho huzipita kama abiria wa dirishani.

Hatua ya 4: Simama, sogea, kaa ubavuni

Hapa ndipo ziara yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Ipe kila picha kati ya zile tatu angalau dakika tano. Dakika tano mbele ya picha ni nyingi kuliko unavyodhani.

Chukulia mbele yako kuna picha ya wakaanga samaki wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, rangi ya akriliki juu ya kanvasi, upana wa mita moja hivi. Anza ukiwa hatua nne au tano nyuma. Unaona karai kubwa katikati, moshi, watu watatu, na bahari kwa nyuma. Jiulize jicho lako limeanzia wapi na limekwenda wapi. Kama limetua kwenye karai, likapanda na moshi, kisha likashukia uso wa mkaangaji, basi njia hiyo imepangwa na mtu. Kama limekwama kwenye boti jekundu lililoko pembeni, ambalo halina kazi yoyote katika picha, hapo mchoraji amepotewa na mwendo. Huenda mwenyewe anajua, na ni jambo zuri la kuzungumza naye baadaye.

Sasa sogea hadi umbali wa mkono. Tazama vivuli. Anayeanza huchukua rangi nyeusi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu na kuifanya kivuli cha kila kitu, cha ndoo, cha mtu na cha mwavuli, vyote sawa. Aliyekaa Feri saa sita mchana akatazama kweli huona kwamba kivuli cha pwani kina bluu ndani yake, wakati mwingine zambarau, kwa sababu jua halikifikii lakini anga linakiangaza. Huona pia kwamba saa hiyo kivuli ni kifupi, kimejikusanya chini ya miguu. Ukikuta vivuli virefu vyeusi kwenye picha ya mchana wa Dar es Salaam, yaelekea imechorwa kutoka kwenye picha ya simu au kutoka kichwani. Si kosa la kumhukumu mtu, lakini sasa umejua alivyofanya kazi.

Kisha tafuta mikono. Mkono wa binadamu ni mgumu kuuchora, na wanafunzi wana mbinu nyingi za kuukwepa. Huuficha nyuma ya beseni, huuzamisha mfukoni, huufunika kwa moshi, au huukata kwa ukingo wa kanvasi. Ukikuta mkono uliochorwa wazi, umeshika chujio refu la kutolea samaki kwenye mafuta, vidole vimejikunja kwa uzito na kwa joto, simama hapo. Hata kama kidole kimoja kimezidi urefu, hapo mwanafunzi ameamua kukabili jambo gumu badala ya kulizunguka. Mimi humpa heshima zaidi huyo kuliko aliyechora machweo yasiyo na dosari.

Mwisho, nenda ubavuni, karibu na ukuta, uitazame picha kwa mshazari ili mwanga uteleze juu yake. Rangi iliyowekwa nene huinuka na kuonesha njia ya brashi. Wakati mwingine utaona matuta yasiyolingana na kilichochorwa juu yake: duara la kichwa chini ya bahari, kwa mfano. Hapo palikuwa na mtu wa nne ambaye mchoraji alimfuta, au kanvasi ilikuwa na picha nyingine kabisa kabla ya hii. Kanvasi ni ghali, na mwanafunzi hutumia moja mara mbili au tatu. Tazama na kingo pia. Kuna wanaoacha pembeni rangi ya kwanza kabisa waliyopaka, labda kahawia au waridi, na rangi hiyo ndiyo inayoipa picha nzima joto lake.

Kabla hujaondoka, tafuta kazi nyingine za mtu huyohuyo. Picha moja huweza kuwa bahati. Kazi tatu zikiwekwa pamoja zinakueleza anahangaika na nini, kama ni mwanga, ni umbo la mtu, au ni jambo la nyumbani analolirudia bila kulitaja.

Hatua ya 5: Sasa soma maelezo

Kibandiko kando ya picha huwa na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo, na pengine bei. Sehemu inayorukwa na wengi ni vifaa, na ndiyo yenye faida zaidi. Akriliki hukauka haraka, ndani ya saa moja au chini ya hapo, kwa hiyo mchoraji hulazimika kuamua upesi, na mipaka ya rangi mara nyingi huwa mikali. Rangi ya mafuta hubaki mbichi kwa siku kadhaa, na huyo anaweza kurudi kesho yake akalainisha shavu polepole. Rangi ya maji juu ya karatasi haisamehe: weupe unaouona ni karatasi yenyewe iliyoachwa, na ukishafunikwa ni shida kuurudisha. Mkaa hufutika, kwa hiyo michoro ya mkaa mara nyingi ndiyo yenye ujasiri mwingi.

Ukiona enameli, rangi ile inayong'aa, juu ya ubao, unatazama kifaa chenye historia ya hapahapa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja kutafuta maisha Dar es Salaam, alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za enameli juu ya vibao vya mraba, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana na kuuzwa madukani. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Mng'ao mnaouona kwenye picha za mtindo wake, pamoja na mistari yake safi isiyochanganyika, vimetokana na rangi hiyo. Kifaa ndicho kilichoamua sura.

Maelezo marefu ya msanii, kama yapo, yasome mwisho. Vyuo vikuu vyetu hufundisha kwa Kiingereza, na karatasi hiyo mara nyingi imeandikwa kwa lugha ya mtihani ili mkufunzi atoe alama. Ukiisoma usiambulie kitu, usijione mjinga. Mwombe mwanafunzi akusimulie kwa Kiswahili na utasikia jambo hai zaidi.

Hatua ya 6: Ukikuta picha zinazofanana

Kwenye maonesho ya wanafunzi utakuta picha mbili au tatu zenye mti uleule, mwanamke yuleyule, au mkono wa mwalimu unaoonekana kwa mbali. Watu hukimbilia kusema “wameigana”. Kabla hujasema, kumbuka kwamba Afrika Mashariki ina shule mbili za mawazo juu ya jambo hili, na zote zimezaa wasanii.

Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alisimamia msemo wake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Kwake, mwanafunzi anayeiga ameuzima uumbaji wenyewe. Upande mwingine, baada ya kifo cha Tingatinga, ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi kwa kukaa pamoja, mdogo akimtazama mkubwa na kurudia mnyama yuleyule mpaka mkono umzoee. Ushirika wao pale Oysterbay umelisha familia na kuwatoa wachoraji ambao baadaye walipata sauti zao.

Mimi naona swali la kuuliza si kama ameiga. Uliza ameiga ili apate nini. Zoezi la kunakili picha ya bwana fulani ili kujifunza anavyochanganya kijani ni kazi halali ya darasani, na vyuo makini huandika hivyo kwenye kibandiko. Ukikuta zoezi la namna hiyo, tafuta mahali ambapo mwanafunzi ameshindwa kuvumilia akaingiza kitu chake mwenyewe, hata kiwe kidogo kama khanga yenye jina au kibao cha duka la mtaani kwao. Lakini picha ya Wamaasai watatu wenye mashuka mekundu na machweo nyuma, iliyochorwa na kijana asiyewahi kufika Umasaini, inatafuta mnunuzi wa barabarani. Ukiulizwa maoni, sema hivyo kwa upole.

Hatua ya 7: Zungumza na mwanafunzi

Hili ndilo usilolipata makumbusho. Aliyechora yuko pale, amevaa shati lake zuri, anajifanya anasoma simu na kumbe anakuangalia. Atakusalimu, “Shikamoo mama,” au “Shikamoo mzee,” nawe itikia marahaba kwa utulivu, mpe hongera, kisha muulize jambo alilolifanya kwa mikono. Maswali ya mikono hufungua mdomo wa mtu yeyote:

“Mwanangu, hapa kwenye moshi ulianza na rangi gani?”

“Sehemu gani ya picha hii ilikusumbua kuliko zote?”

“Ulijuaje kwamba imekwisha?”

Hilo la mwisho linapendwa sana, kwa sababu kila mchoraji amewahi kuiharibu picha kwa kuiongeza. Ukipata jibu, nyamaza kidogo. Vijana wengi husema la maana zaidi baada ya kudhani wamemaliza kusema.

Yapo maneno yanayofunga mdomo. “Hii maana yake nini?” humrudisha kwenye chumba cha mtihani. “Hata mwanangu wa chekechea angeweza” ni tusi, hata ukicheka. “Mbona huyu hana macho?” linaweza kuwa swali zuri likiulizwa kwa kutaka kujua, na aibu likiulizwa kwa kusahihisha. Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro, aliyesoma Makerere kisha shule ya sanaa ya Slade kule London, na baadaye akaiwakilisha nchi yetu Uingereza kama balozi, alichora watu wadogo walio kazini bila kuhangaika na sura zao, kwa kuwa alichokitaka kilikuwa kijiji kikifanya jambo kwa pamoja. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko kwenye MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York. Macho yaliyoachwa huenda yameachwa kwa makusudi. Uliza, usikie.

Ukiwa na ukosoaji, utoe kuhusu picha na uutaje mahali pake: “Boti hili jekundu linanivuta nisimwone mkaangaji.” Sentensi ya namna hiyo inamsaidia kesho asubuhi. “Ongeza bidii” haimsaidii kitu.

Neno kwa mzazi mwenye mtoto kwenye maonesho hayo: najua swali la “utakula nini?” liko kifuani na lina msingi. Liache nyumbani kwa siku hiyo. Mwombe mtoto akupitishe kwenye kazi zake zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akueleze, nawe usikilize mpaka mwisho. Kwa wazazi wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mtoto akizungumza kuhusu kazi yake kama mtu mzima, na mazungumzo ya riziki yatakuwa na heshima zaidi baada ya hapo.

Kabla ya kutoka, andika kwenye kitabu cha wageni. Kitabu kimejaa “Kazi nzuri, hongereni” tayari. Taja picha moja na kitu kimoja ulichokiona ndani yake. Wanafunzi huvisoma vitabu hivyo ukurasa kwa ukurasa.

Hatua ya 8: Simu na kamera

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na zima mwako wa kamera, kwani unawasumbua watazamaji wengine na kwenye rangi inayong'aa unakuachia duara jeupe tu. Ukiweka mtandaoni, andika jina la msanii na jina la kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inailinda kazi ya mwanafunzi kama inavyoilinda ya msanii mkubwa. Kuichukua picha yake ukaichapa kwenye fulana, kalenda au kadi za harusi bila makubaliano ni kosa, hata kama uliipiga kwa simu yako mwenyewe.

Hatua ya 9: Ukitaka kununua

Stika nyekundu kwenye kibandiko maana yake kazi imekwisha kupata mwenyewe. Ukipenda picha isiyo na stika, mwendee msimamizi wa maonesho kwanza, umuulize utaratibu wa chuo: malipo yanapitia kwa nani, chuo kinachukua sehemu au la, na kama kazi hiyo inabakizwa kwa ajili ya wasahihishaji wa nje. Kwa kawaida unalipa sehemu ya bei, stika inabandikwa, na picha inabaki ukutani hadi siku ya kufunga.

Juu ya bei nina msimamo. Usipatane kama uko kwenye vinyago vya Mwenge. Muuza vinyago ameweka nafasi ya kupunguza ndani ya bei yake, anakutegemea upunguze. Mwanafunzi hajui kufanya hivyo, na mara nyingi bei aliyoandika haijarudisha hata gharama ya kanvasi, rangi, brashi na fremu, achilia mbali miezi aliyoketi mbele yake. Ukimpunguza atakubali, kwa sababu wewe ni mkubwa na yeye ana shida ya nauli. Kama fedha haitoshi, sema wazi, kisha uliza mambo mawili: kama anapokea kwa awamu, na kama ana kazi ndogo za karatasi. Karibu kila mwanafunzi ana bahasha kubwa yenye michoro ya mkaa na rangi za maji ambayo haikupata nafasi ukutani. Baadhi ya vitu bora nilivyowahi kuviona vimetoka kwenye bahasha hizo.

Nunua unachotaka kukiona kila asubuhi. Anayenunua kwa matumaini kwamba kijana atakuja kuwa maarufu anacheza bahati nasibu, na anamtwisha kijana mzigo usio wake.

Ukilipa, dai risiti yenye jina la kazi, vifaa, vipimo, mwaka na kiasi ulicholipa. Hakikisha picha ina sahihi, na mwombe aandike nyuma, kwenye mti wa fremu na si kwenye kitambaa, jina lake kamili na jina la kazi. Fahamu pia kwamba umenunua kitu chenyewe. Haki ya kuichapisha imebaki kwake mpaka mwandikiane vinginevyo.

Hatua ya 10: Kuifikisha nyumbani na kuitunza

Picha ndogo kwenye fremu ifunge kwa shuka safi la pamba, uweke kadibodi mbele na nyuma. Usiifunge kwa nailoni iliyogusa rangi moja kwa moja: akriliki hulainika kwa joto, na ndani ya bajaji mchana nailoni hiyo itanata na kuacha alama. Picha kubwa kwenye bodaboda, siku ya upepo, ni hatari kwako na kwake. Afadhali iondolewe kwenye fremu ikunjwe kama mkeka, na upande wenye rangi uwe nje, kwa sababu ukiukunja kwa ndani rangi inajibana na kupasuka. Kunja juu ya bomba la PVC kutoka duka la vifaa vya ujenzi, la inchi 6 likipatikana, lisiwe chini ya inchi 4, na ifunguliwe siku hiyohiyo. Picha ya mafuta ambayo bado mbichi usiikunje kabisa. Subiri.

Nyumbani adui ni watatu: jua, unyevu na moshi wa jikoni. Jua la dirishani hupausha hasa rangi za maji, kwa hiyo kazi za karatasi ziweke ukuta usiopigwa na jua, ndani ya kioo, na pawe na kadibodi ya kutenganisha ili karatasi isiguse kioo. Kwenye miji ya pwani usitundike picha kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua za masika. Bandika vipande vya koki au mpira kwenye pembe za chini nyuma ya fremu, hewa ipite, la sivyo ukungu utaanzia nyuma na hutauona mpaka ufike mbele. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Kitambaa chenye maji, sabuni au dawa ya vioo visiguse picha hata mara moja. Ya mafuta isipakwe vanishi kabla ya miezi 6 hadi 12, na kazi hiyo mwachie aliyeichora.

Chukua namba ya simu ya mwanafunzi kwa ajili ya hilo la vanishi. Ukishaitundika, mpigie picha ukuta wako umtumie, akione chumba ambamo kazi yake inakaa. Na akikujulisha kuhusu maonesho yake ya mwakani, nenda, ukaone kama amelitoa lile boti jekundu.